Matatu Iliyoota Kitanda

Sogeeni karibu, wanangu. Kuna matatu moja pale Makutano, mjini Meru, ambayo nataka kuwapa habari zake. Ilipokuwa kijana ilibeba abiria 14 kutoka Meru hadi Maua na kurudi, makanga akining'inia mlangoni. Ilipochoka, mwenyewe akaiuza, na aliyeinunua ni shangazi mmoja ambaye mikono yake haijui kutulia. Akaipeleka kwa mafundi wa jua kali, viti vyote vya nyuma vikang'olewa, na mahali pake pakaota kitanda cha mbao, kabati la vyombo lenye komeo, na madirisha ya wavu wa mbu. Juu ya paa ikafungwa paneli ya sola. Kisha Shangazi akalipeleka gari likakaguliwe na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, maana huwezi kugeuza matatu kuwa nyumba kimyakimya na karatasi zake ziendelee kusema ni matatu.

Magari ya namna hii ni machache kwetu. Watalii hukodi Land Cruiser zenye hema juu ya paa, na wageni wachache huja na malori yao makubwa yenye jiko na choo ndani. Shangazi hakuwa na pesa za hayo. Alikuwa na matatu, na alikuwa na wapwa watatu waliofunga shule mwezi wa Agosti: mvulana mkubwa mwenye ndevu tatu alizokuwa akizihesabu kila asubuhi, binti wa miaka kumi na mmoja asiyetembea bila daftari, na kitinda mimba asiyejua kunyamaza. Wa tano alikuwa Nyanya yao. Majina yao siwatajii, mtawajua kwa tabia zao.

Jambo la kwanza lilikuwa kuamua waende wapi, na watoto wote walitaka ziwa. Sasa ukikaa Meru, maziwa hayako mbali kama unavyofikiri. Kuna Nkunga, ziwa dogo lililotulia katika msitu wa Mlima Kenya karibu na mji. Halafu juu kabisa, ukipandia njia ya Chogoria, kuna Ziwa Ellis, zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari, na juu zaidi liko Michaelson, ambalo hufikiwa kwa miguu tu. Mvulana alikuwa ameona picha za Ellis kwenye simu ya rafiki yake. Akalisifia weee, mpaka kitinda mimba akaanza kuvaa koti.

"Njia ile ya juu inataka gari linalovuta magurudumu yote manne," akasema Shangazi. "Hili langu linavuta mawili. Mvua ikinyesha tutalala kwenye matope, na ziwa tutalisikia tu."

"Tutasukuma," akasema mvulana.

Binti hakubishana naye. Alifungua daftari lake akauliza, "Tutakula nini huko?"

"Githeri."

"Basi hatutakula."

Na hapa, wanangu, mtanisamehe nikisimama kidogo, kwa sababu binti huyu alijua kitu ambacho wapanda mlima wengi hukijua wakiwa tayari na njaa. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Meru mjini ni karibu 95. Pale Ellis ni 88 au 89 hivi, na ukizidisha kuni au gesi hayapandi hata kidogo, yanazidi tu kuruka na kugeuka mvuke. Maharagwe makavu kwenye maji ya namna hiyo yatachemka mpaka mtungi wa gesi uishe, nayo bado yanagonga meno. Mvulana akatazama ndevu zake kwenye kioo cha pembeni, akanyamaza.

Ndipo Nyanya, aliyekuwa akichambua kunde, akasema neno moja: "Kamburu."

Nyanya alizaliwa Mbeere, upande wa chini wa Embu, akaolewa Meru. "Mimi nilipokuwa msichana," akasema, "hapo mnapopaita ziwani palikuwa mto tu. Tana ilipita na kelele zake, Thiba ikaja ikaingia, basi. Ukitaka kuvuka unachagua mahali na kuomba Mungu."

"Na ziwa lilitoka wapi?" akauliza kitinda mimba.

"Lililetwa na serikali."

Kitinda mimba alidhani lilibebwa kwa lori. Hakukosea sana, maana ziwa hilo lilipangwa kwanza kwenye karatasi kabla halijaonekana juu ya ardhi. Wahandisi waliupima Mto Tana mahali unapoporomoka kutoka nyanda za juu, wakaona kwamba maji yaleyale yanaweza kufanyishwa kazi mara kadhaa. Wakaanza na bwawa la Kindaruma mwaka 1968. Kamburu likafuata 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Ukiyapanga kama maji yanavyoteremka, Masinga ndilo la kwanza na ndilo ghala kubwa, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma, na Kiambere mwisho. Tone moja la maji linazungusha mitambo Masinga, linapumzika kidogo Kamburu, linazungusha tena, na hivyo hivyo mara tano, kabla halijaachiwa liende Garissa na baharini.

"Kwa hiyo ziwa ni dogo kuliko Nyanya," akasema kitinda mimba.

"Kwa miaka mingi tu," akasema Nyanya.

Kando ya ziwa hilo, upande wa Kaunti ya Embu, ipo Hifadhi ya Mwea, kilomita za mraba 42, iliyotengwa mwaka 1976. Msiichanganye na Mwea ya mpunga. Mwea ya mpunga iko Kirinyaga, barabarani unaponunua mchele. Mwea ya tembo iko Mbeere Kusini, mahali Thiba inapokutana na Tana ndani ya maji ya Kamburu. Mtu mmoja namjua aliyekwenda na gari lake hadi kwenye majaruba ya mpunga akauliza lango la hifadhi liko wapi. Walimcheka kwa adabu.

Basi safari ikawa ya Kamburu, siku tatu, kulala mara mbili. Agosti ilifaa kwa sababu mbili: shule zimefungwa, na mvua ni chache. Meru mwezi huo kuna baridi na manyunyu, lakini Mbeere kunakauka, na udongo mweusi wa huko, ambao ukiloa hushika tairi na kukataa kuliachia, unakuwa mgumu na mwaminifu. Aprili wasingejaribu. Mvua za Aprili 2024 zilijaza mabwawa yale mpaka maji yakamwagika, na watu wa chini kwenye mto wakahama nyumba zao.

Sasa tufike kwenye daftari. Nataka mlione vizuri, maana hapa ndipo safari yenyewe ilipofanyika. Huko barabarani walikuwa wakifuata tu kilichoandikwa.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa maji. Ukiwa na nyumba yenye magurudumu, usitegemee bomba la mtu. Binti akaandika: lita tano kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupika, lita tano nyingine za kuosha vyombo, mikono na miguu. Watu watano, siku tatu. Jibu likatoka lita 150. Mitungi minane ya lita ishirini inabeba 160, kwa hiyo zitabaki kumi za dharura. Mvulana akasema chupa za dukani ni rahisi zaidi. Hapo Shangazi akamkumbusha kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja ni marufuku katika mbuga na hifadhi za Kenya, chupa za maji zikiwemo. Kila mmoja abebe chupa yake ya kujazia.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa uzito, na ndio uliozua ugomvi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji peke yake yalikuwa kilo 160 kabla hata mtu mmoja hajapanda. Binti akafikiri hivi: gari hili lilitengenezwa libebe abiria 14. Nikimpa kila mmoja kilo 65, napata 910. Hicho ndicho kipimo changu, na kwa kuwa gari ni kuukuu sitaki kukifikia. Akaanza kujumlisha. Watu wote watano, kilo 240 (Nyanya alikataa kupimwa, akakadiriwa kwa macho). Kitanda na kabati, 210. Maji, 160. Mtungi wa gesi, 14. Betri ya pili, 30. Tairi la spea, jeki, spana, kamba na koleo, 46. Chakula na sufuria, 50. Magodoro, blanketi na nguo, 70. Jumla ikawa 820.

"Zimebaki tisini!" mvulana akashangilia. Akakimbia kuleta baiskeli yake na spika ya muziki yenye kimo cha mbuzi.

Nyanya naye alikuwa na lake. Huwezi kupita Kiritiri mikono mitupu wakati una ndugu pale, na watu wa Meru wana viazi. Gunia moja, kilo 50. Jumla ikapanda hadi 870. Baiskeli ikakubaliwa, kilo 15. Kisha ikakataliwa, kwa sababu Shangazi aliuliza utaendeshea wapi baiskeli katika hifadhi yenye nyati, na mvulana hakuwa na jibu. Spika ilikataliwa bila kupimwa. Watu huenda hifadhini kusikiliza wanyama, na wanyama hawakuomba muziki wetu.

Ninyi mnaweza kuona kama huyu binti ni mchoyo. Lakini uzito katika gari refu si suala la injini kuvuta tu. Mahali unapouweka ni muhimu kuliko kiasi chake. Mitungi ya maji ikipandishwa kwenye keria juu ya paa, gari linayumba kwenye kona na linaweza kulala ubavu. Ndiyo maana yale maji yote yalipangwa sakafuni, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, yakafungwa kamba. Viazi vikakaa chini ya kitanda. Juu ya paa ilibaki paneli peke yake.

Ukurasa wa tatu: umeme. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100 inakupa wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Lakini betri za risasi na asidi hazipendi kukaushwa. Ukitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaziua. Kwa hiyo 600. Taa mbili za wati tano kwa saa tano ni 50. Simu tatu ni 45 hivi. Feni ndogo ya wati kumi usiku kucha, 80. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Kisha binti akaingiza friji ndogo ambayo Shangazi alikuwa ameahidiwa kuazimwa: wati 40, na hata ikizimika na kuwaka ikala nusu ya siku tu, ni 480. Betri ikaisha kwenye daftari kabla haijaisha njiani. Friji ikarudishwa kwa mwenyewe bila kuwashwa.

Nami napenda kuwaza jambo hili: kituo cha Kamburu kinaweza kutoa megawati 94, yaani wati milioni 94, na nyaya zake zinatoka hapo kwenda mbali kuwasha miji. Na kando yake familia moja imekaa ikigombania wati 40 za friji. Ila hesabu ya binti ilikuwa sahihi, maana hutundiki waya wako kwenye nyaya zile.

Bila friji, chakula kilibidi kijipange chenyewe kwa umri wake. Siku ya kwanza nyama. Siku ya pili mayai na viazi. Siku ya tatu ndengu, ambazo zinavumilia chochote. Githeri ilichemshwa nyumbani Meru mpaka ikaiva kabisa, ikabebwa kwa ajili ya chakula cha mchana wa kwanza, kwa sababu hakuna haja ya kuchoma gesi kwa saa tatu ndani ya gari wakati jiko la kuni lipo nyumbani. Ndizi za kuiva zilikatazwa kulala ndani ya gari. Sababu mtaijua.

Kuhusu moto, Shangazi alikuwa mkali kuliko askari. Mtungi wa gesi husimama wima, umefungwa kamba, vali imefungwa gari likiwa linatembea. Kupika ni nje, au mlango na madirisha yakiwa wazi. Na jiko la makaa haliingii ndani kamwe, hata kama baridi inauma, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Makaa hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, mtu anasinzia, haamki. Kila msimu wa baridi husikika habari hizo mahali fulani nchini, nami sioni aibu kuwarudia.

Kitinda mimba aliomba ukurasa wake. Alipopewa kalamu akaandika neno moja kwa herufi kubwa: NDOO. Yenye kifuniko. Mvulana akacheka mpaka akakaa chini. "Huko kuna vyoo, wewe. Ni kambi, si kisiwani." Mtoto hakufuta. Binti, ambaye alikuwa mwadilifu, akaipa ndoo kilo moja, jumla ikawa 871.

Ada za kuingia na za kupiga kambi zililipwa mapema kwa simu, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, maana langoni hawapokei noti. Na siku moja kabla ya kuondoka, Shangazi alifanya jambo ambalo wengi hulisahau: alipakia kila kitu, akaliendesha gari likiwa limejaa hivyo hivyo kuzunguka Makutano, akafunga breki mara nyingi, akasikiliza. Kabati likafunguka na vikombe vikamwagika. Afadhali vikombe vimwagike Makutano. Komeo likabadilishwa jioni ileile.

Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba. Barabara ya Meru kwenda Embu ni ya kupanda na kushuka, kushoto na kulia, kwa sababu imepita ubavuni mwa Mlima Kenya na inakatiza kila mto unaoteremka kutoka juu. Nkubu, Igoji, Chogoria. Binti alikuwa akiandika majina ya mito: Kathita ulioachwa nyuma mjini, Maara, Nithi, Thuci, Ena.

Pale Nithi nataka mkae wima. Barabara inateremka kwa muda mrefu, kisha inakata kona na daraja liko hapo hapo chini. Watu wengi wamefia mahali pale. Julai 2022 basi lilitoka barabarani likatumbukia bondeni, na zaidi ya watu 30 wakafa. Shida ni nini? Breki husimamisha gari kwa kusuguana, na kusuguana huleta joto. Dereva akikanyaga breki mteremko mzima, vyuma vinapata moto mpaka vinaacha kushika, na gari zito ndilo linalovichosha haraka. Dawa yake ni kuanza kushuka ukiwa tayari umeingiza gia ndogo, ili injini yenyewe ilizuie gari, na breki uzigonge kidogo kidogo tu. Shangazi aliingiza gia ya pili kabla mteremko haujaanza. Matatu nyingine ikampita kwa honi na dharau. Mvulana akaona haya. Nyanya akasema, "Mwache atangulie, sisi tunataka kufika."

Chuka walinunua ndizi mbichi, Runyenjes wakanywa chai. Embu mjini wakaiona Rupingazi, na hapo binti akagundua jambo lililomfurahisha kuliko mambo yote ya siku hiyo. Kathita ya kwao Meru huingia Tana mbali sana huko chini, baada ya mabwawa yote. Haifiki Kamburu kamwe. Lakini Rupingazi huingia Thiba, na Thiba huingia Kamburu. Maji waliyoyaona chini ya daraja la Embu yalikuwa yakienda mahali wanakokwenda wao. "Tukikaza mwendo tutayakuta," akasema kitinda mimba, akayapungia mkono.

Kutoka Embu kwenda Kiritiri, nchi inabadilika mbele ya macho yako. Chai na kahawa zinakwisha, migomba inapungua, vinakuja vichaka vya miiba, miembe na mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Joto likaingia kwenye gari, sweta zikavuliwa. Kiritiri viazi vikashuka, na badala yake zikapanda ndengu na mkebe wa asali, kwa hiyo gari likawa jepesi kwa kilo thelathini na kitu. Binti alisahihisha daftari.

Langoni askari wa wanyamapori aliwatazama, akaitazama matatu, akacheka. Kisha akawaeleza habari za tembo, nami nawapa kama zilivyo, kwa sababu zinahusu hesabu ileile ya binti. Mwaka 1979 katika hifadhi ile walikuwa tembo 49. Ikazungushiwa ua wa umeme ili wasiingie mashambani, wakazaana kwa amani, na kufikia mwaka 2024 walikuwa 156. Hifadhi yenyewe inawatosha hamsini hivi. Miti ikaanza kuisha, ua ukavunjwa, mashamba ya watu yakaliwa. Basi Oktoba 2024 serikali ikaanza kuwahamisha tembo 50 kwenda Hifadhi ya Aberdare. Walichomwa dawa ya usingizi kutoka angani kwa helikopta, wakanyanyuliwa kwa kreni, wakapakiwa kwenye malori.

"Kumbe nao walisafiri kwa gari la kulala," akasema mvulana, na hiyo ndiyo sentensi yake bora ya safari nzima.

Askari akaendelea na masharti. Ndizi mbivu, machungwa, maembe, vitu vyote vyenye harufu tamu visilale ndani ya gari wala karibu nalo, maana tembo ananusa tunda kupitia bati na hajui kubisha hodi. Mchana tumbili watajaribu kuiba, funga dirisha. Kuni usikate. Sabuni usimwage ziwani. Takataka mlizokuja nazo mtarudi nazo. Na hakuna kuoga ziwani, hata kidogo, hata ukingoni. Mamba wapo. Na hata pasipokuwa na mamba, maji yaliyotulia katika eneo hili yana konokono wanaobeba kichocho: kidudu kisichoonekana kinapenya ngozi ya mguu wako ukiwa umesimama tu, na baadaye unakojoa damu. Mvulana alikuwa amebeba kaptura ya kuogelea. Aliivaa siku zote tatu, nchi kavu.

Kuegesha gari kulichukua muda mrefu kuliko mnavyodhani. Shangazi alishuka kwanza akatembea kwa miguu na askari. Alikuwa akitafuta njia ya viboko. Kiboko hushinda majini mchana na usiku hutoka kula nyasi, na hupenda njia yake ileile kila siku, mpaka inakuwa mfereji kwenye udongo. Ukiegesha juu ya njia hiyo, umejenga nyumba katikati ya barabara ya mnyama mwenye kilo elfu moja na mia tano au zaidi. Ukisimama kati yake na maji akashtuka, hakuzunguki. Wakapata mahali palipoinuka, pakavu, mbali na mifereji ile, chini ya mgunga, mlango ukitazama upande wa bara. Matairi yakawekewa mawe. Neti zikafungwa kabla jua halijazama, kwa sababu watu wa Meru ya baridi husahau kwamba Mbeere kuna malaria.

Jioni walikula nyama, wakawatazama ndege wakirudi visiwani kulala. Binti alikuwa akimtafuta ndege mmoja wa vichakani ambaye wataalamu humwita kwa jina la Hinde. Haishi nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya. Hakumwona. Alimwandika hivyo hivyo, na alama ya kuuliza.

Walilala wote ndani: Nyanya na wadogo wawili kitandani, Shangazi sakafuni karibu na mlango, mvulana kwenye viti vya mbele akiwa amejikunja. Choo cha kambi kilikuwepo kweli, kama mvulana alivyosema, umbali wa kurusha jiwe. Lakini usiku wa manane kitu kilianza kung'oa nyasi kando ya tairi la nyuma, kwa sauti nzito, bila haraka. Akatokea na wa pili. Shangazi aliwasha tochi dirishani akaona mgongo unaopita usawa wa kioo, akaizima. Hakuna mtu angefungua mlango ule hadi alfajiri.

Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Kisha kutoka viti vya mbele ikasikika sauti ya mvulana, ya chini kabisa, ikimwuliza kitinda mimba kama anaweza kumwazima ile ndoo.

"Ngoja," akasema mtoto. "Nyanya amekutangulia."